Gari la Rangi ya Ubuyu Kwenye Theluji ya Kitulo

Kila asubuhi, jua la Dodoma lilipoanza kuuma, Pazia lilifungwa. Hapakuwa na mlio wala kishindo. Juu kabisa, nje ya hewa ya dunia, maelfu ya vioo vyembamba kama ganda la kitunguu viligeuza ubavu, na mwanga uliomwagikia mashamba ya mtama ukapoa kana kwamba wingu limepita. Mbingu ilibaki buluu. Wakulima waliinua nyuso zao, wakafuta jasho, wakaendelea kupalilia.

Hilo ndilo lilikuwa Pazia la Jua, na ndilo lililorudisha mvua katika nyanda za kati. Mito iliyokuwa michanga mitupu ilipata maji tena, na watoto wa Dodoma walilisikia neno ukame darasani tu. Lakini kivuli hakichagui pa kuangukia. Kule Kitulo, kwenye uwanda ulioinuka juu ya Bonde la Usangu, ambako zamani Juni na Julai zilileta sakitu tu, umande ulioganda wa alfajiri, theluji ilianza kuanguka. Wakinga wa huko hawakuwa na jina lake. Kwa uchungu na utani wao, wakaiita unga wa Baraza, kwa kuwa Baraza la Pazia ndilo lililowaletea.

Mwanaidi Shemdoe, mhandisi mzaliwa wa Lushoto, alifanya kazi katika Baraza hilo. Kila siku alisoma namba zilizotumwa na vipima-njia: magari ya magurudumu sita, yasiyo na dereva, yaliyozunguka Kitulo yakipima kina cha theluji na ubaridi wa ardhi. Kwa misimu mitatu namba zilionyesha baridi ya kuvumilika. Juni hiyo akaona namba ileile imejirudia, leo kama jana, jana kama juzi. Akaacha kalamu. Alijua kwamba hali ya hewa haina adabu ya namna hiyo.

Akafungua picha za barabarani. Vipima-njia vyote vilikuwa vimejipanga bandani Matamba, chini ya uwanda, vimetulia kama kuku waliolowa.

"Bongo zao zimefunzwa amri moja kuu," alimweleza mkuu wake, Dakta Chilongani, mchana huohuo. "Gurudumu likiteleza, simama. Theluji ikizidi, vinakaa bandani. Na vikikosa kipimo kipya, vinatuma kile cha mwisho. Siku mbaya kuliko zote hatuna hata moja kwenye hesabu zetu, Dakta."

Chilongani alikuwa Mgogo mrefu, mtu wa maneno machache. Alivua miwani. "Na mwezi ujao Baraza linapiga kura ya kulikaza Pazia zaidi."

"Ndiyo maana nataka kwenda mwenyewe."

"Kwa gari gani? Magari yote ya Baraza yana bongo lilelile. Yatakufikisha Matamba, kisha yalale."

"Kwa gari langu."

Dakta alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Gari la Mwanaidi lilikuwa la mbio, la milango miwili, rangi ya ubuyu, tumbo lake karibu liguse lami. Liliundwa zamani, kabla magari hayajapewa bongo, na sheria iliyaachia magari ya aina hiyo yaendeshwe kwa mikono ya watu. Alilipenda kama wengine wanavyopenda farasi. Siku za mapumziko alitoka nalo kwenye barabara ya Singida, vioo wazi, akaimba.

"Binti yangu," Chilongani alisema, "gari lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele kazi yake kukata kona tu. Kwenye utelezi mkia utataka kutangulia kichwa. Litakuzungusha kama pia."

"Basi nitajifunza kuzunguka."

*

Alijifunza siku ya kwanza tu. Juu ya Chimala barabara inakwea ukingo wa bonde kwa kona nyingi zilizokunjana kama utumbo. Mwanaidi alizipanda vizuri mpaka theluji ilipoanza. Hapo akakanyaga mafuta, kama watu walivyoendelea kusema ingawa magari hayakuwa yakinywa mafuta tena. Mkia ukachomoka. Akashika breki kwa hofu, na lile gari likageuka polepole, kwa madaha, likakwama limetazama lilikotoka, gurudumu moja likiwa ukingoni mwa korongo.

Alikaa ameshika usukani. Kidogo kidogo akasikia mtu anagonga kioo.

"Kamwene, dada. Umekuja kutalii au umekuja kufa?"

Alikuwa Ahadi Sanga, muuguzi wa zahanati ya Matamba, amevaa makoti mawili na amebeba mkoba wa dawa mgongoni. Alikuwa akipanda kwa miguu kwenda kwa wagonjwa wake wa juu, kwa kuwa gari la zahanati nalo lilikuwa na bongo, na bongo lilikuwa limekataa. Wakalisukuma gari pamoja hadi likakaa barabarani.

"Mkia wake ni mwepesi mno," Ahadi alisema alipolizunguka. "Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya namna hii. Tukitoka mnadani na mzigo ilitulia. Ikiwa tupu, ilicheza ngoma."

Mwanaidi, aliyejua fizikia yote ya msuguano na uzito, alijicheka kwa kutoyawaza hayo kabla ya kuondoka Dodoma. Walipofika Matamba wakajaza buti magunia ya viazi mviringo, wakafunga minyororo kwenye matairi ya nyuma. Kisha kila siku, wiki nzima, alifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya Matamba, na watoto wakajipanga ukutani wakimshangilia kila alipozunguka. Mwili wake ukajifunza yale ambayo kichwa kilikuwa kinayajua. Mkia ukichomoka, usiguse breki. Legeza mguu. Geuza usukani kuelekea uliko mkia, na macho yaangalie unakotaka kwenda, kwa maana mikono hufuata macho. Aligundua pia jambo lililomfurahisha: kwenye mlima, uzito wote hurudi nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na gari lile la anasa lilipanda kwa ari ambayo hakuna aliyeitarajia.

"Sasa mmeelewana," Ahadi alimwambia.

"Bado tunaogopana," alijibu Mwanaidi, "lakini kwa heshima."

*

Siku ya kura ilipofika, theluji ilishuka toka alfajiri bila kupumua. Vipima-njia vilitetemesha magurudumu mlangoni, vikateleza, vikarudi bandani. Mwanaidi alifunga kipimio kwenye paa la gari. Kwa kanuni za Baraza, kipimo kingekubaliwa iwapo tu kingerushwa moja kwa moja kutoka mahali penyewe, wajumbe wakikiona. Ahadi aliingia na mkoba wake, magoti yakimgusa kidevu.

Walipanda taratibu kuelekea Lwangilo, kitongoji cha mwisho juu ya uwanda. Hapakuwa na barabara ya kuonekana, ila nguzo za ua wa mashamba ya pareto zilizochungulia hapa na pale. Tumbo la gari lilikwangua theluji kama jembe. Katika kona ya mwisho upepo uliwapiga ubavuni, na Mwanaidi akausikia mkia ukiondoka chini yake.

"Dada!" Ahadi alipiga kelele.

Kushoto palikuwa na poromoko. Kila mshipa wa mguu wake wa kulia ulitaka breki. Mwanaidi akauinua mguu ule, akauachia mkia uende, akageuza usukani kuufuata na kuyakaza macho kwenye nguzo moja ya ua iliyosimama mbele, upande wa mlima. Gari lilikwenda ubavu kama kaa. Likaendelea kwenda. Halafu minyororo ikashika, pua ikarudi mahali pake, na wakapita.

Hatimaye wakafika.

Lwangilo ilionekana imehamwa. Nyumba zilikuwa baridi, milango imezibwa na theluji. Moshi ulitoka jengo moja tu, kanisani. Humo ndani waliwakuta watu wote wa kitongoji, wazee na wachanga, mbuzi na kondoo katikati yao, wamebanana kwa ajili ya joto. Mabenchi yalikwisha kuchomwa. Ahadi alifungua mkoba na kupiga magoti kwa mtoto wa kwanza aliyemsikia akikohoa.

Mwanamke mmoja wa makamo, Mama Atuganile Mbilinyi, mwenyekiti wa kitongoji, alimtazama mgeni kwa muda. "Wewe ni wa Baraza?"

"Ndiyo, mama."

"Shikamoo zenu tunazisikia redioni. Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka nyuma ya kanisa. Pale, chini ya paa la mabati, walikuwa wamelazwa watu kwa safu, wamefungwa mikeka na mablanketi, theluji ikiwa imewafunika miguu. Mwanaidi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mkono ulimpanda mdomoni.

"Kwa nini hamja..." alianza kuuliza.

Mama Atuganile akachukua jembe lililoegemea ukuta, akalipiga chini kwa nguvu. Lililia kama limepiga chuma, likaruka. Ardhi haikuachia hata chembe.

"Udongo umekataa," alisema. "Mwaka jana tulisubiri mpaka Septemba ndipo tukazika. Mwaka juzi vilevile. Mashine zenu zikinyamaza mnadhani tumelala. Mwanangu, huwa tunangoja kuzika."

Mwanaidi alirudi garini akawasha kipimio. Kina cha theluji, ubaridi wa hewa, ubaridi wa udongo, vyote vikaruka hewani hadi ukumbi wa Baraza. Kisha alichukua kioo cha mawasiliano kilichorusha picha ukumbini, na kwa idhini ya Mama Atuganile akatembea nacho nyuma ya kanisa, polepole, akipita kila safu.

Sauti iliyojibu kutoka ukumbini ilikuwa ya Chilongani.

"Mwanaidi, unajua tukilifungua Pazia mamilioni watarudi kwenye njaa."

"Sisemi lifunguliwe, Dakta. Vioo ni maelfu, na kila kimoja kinageuka peke yake. Tukiacha ufa mwembamba juu ya Kitulo miezi hii ya baridi, nyanda za kati hazitapoteza mvua yake. Hesabu nimekutumia tangu jana."

"Na vipima-njia?"

"Vibaki na woga wao. Ila tubadilishe namna ya kuvisikiliza. Kikikosa kipimo kipya kinyamaze, na kimya hicho kihesabiwe kuwa ni ukelele, na mtu aje."

Kura ya kulikaza Pazia haikupigwa siku hiyo. Walijadiliana mpaka jioni, wakagombana, wakapiga kura nyingine. Wakati huo Mwanaidi alikuwa anateremka na watoto wawili wanaokohoa damu, Ahadi amewapakata, gari likinyatia kona kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Wote wawili walipona.

*

Ufa ulifunguliwa wiki mbili baadaye. Watu wa Lwangilo walitoka kanisani wakasimama uwanjani, nyuso juu, macho wameyafumba. Jua liliwaangukia la zamani, zito, la manjano. Mabati yakaanza kudondosha maji. Siku chache zilizofuata barabara iligeuka tope, na Mwanaidi akagundua kuwa tope nalo lina masharti yake. Alilisukuma gari mara nyingi kuliko alivyoliendesha.

Siku ya maziko alimpandisha abiria kutoka Chimala. Dakta Chilongani alikuja amevaa koti la kuazima, urefu wake wote umekunjwa kwenye kiti kile cha chini, na katika kila kona alishika dari. Walipofika alivua koti, akaomba jembe.

Vijana walitaka kumzuia, mgeni wa heshima asichimbe. Mama Atuganile akawaambia wamwache. Alichimba kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, kwa mapigo mafupi yasiyochosha mgongo. Mwanaidi alichimba kando yake. Udongo wa Kitulo ulikuwa mweusi, wenye harufu ya mvua, na jembe lilizama humo bila ubishi.

Walipopumzika, Mama Atuganile alimpa Dakta maji. "Wapi ulijifunza kuchimba kaburi, baba?"

Chilongani alikunywa kwanza. "Kwetu Bahi, mama. Kabla ya Pazia. Ardhi yetu nayo ilikuwa ngumu, kwa ukame. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulizika wadogo zangu wawili, na baada yao bibi yetu."

Mwanaidi alikuwa amefanya kazi naye miaka mingi na hakuwahi kulisikia jambo hilo. Mama Atuganile alikaa akimwangalia, kibuyu mkononi.

"Waliitwa nani?"

"Mama?"

"Wadogo zako. Na bibi. Majina yao."

Alijibu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba kilichokaa miaka bila kuingiwa. "Mbeleje," alisema. "Na Yohana. Bibi alikuwa Nyendo."

Mama Atuganile aliitikia kwa kichwa, akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Watu walisogea kuzunguka makaburi, na katekista akaanza kuwataja marehemu wa Lwangilo, mmoja mmoja, na kwa kila jina watu wakaitikia. Alipofika mwisho, Mama Atuganile alimnong'oneza sikioni. Katekista akageuka kumtazama yule Mgogo mrefu mwenye tope mpaka magotini, kisha akaendelea kwa sauti ileile.

"Mbeleje. Yohana. Nyendo."

Na uwanda mzima ukaitikia.