Mapacha Hawaozi

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 27 Januari 1986, saa nne asubuhi. Siku hiyo wanajeshi walioshindwa walikuwa wanakimbia kutoka Kampala kwenda mashariki. Barabara ya Bugembe, nje kidogo ya Jinja, ilijaa malori yao. Lori moja lilikosa breki. Liliacha lami, likaingia kwenye kibanda cha chapati cha mke wa Bogere. Mama yule alikufa pale pale. Binti yake Babirye, wa miaka kumi na miwili, alikuwa anamsaidia kukanda unga. Naye hakurudi nyumbani. Pacha wake, Nakato, alikuwa ametumwa makaa.

Bogere hakupata hata mtu wa kumlaumu uso kwa uso. Miaka yote alisema neno moja: "Wakubwa walipanda ndege. Sisi wakatuachia malori bila breki."

Alimchukua Nakato wakahamia Mbale, mtaa wa Nkoma. Huko akawa fundi baiskeli. Kila asubuhi alichemsha chai, kisha akapiga pasi sare ya shule ya binti yake, maana alisema Nakato anaunguza kola. Walipendana, wakataniana. Lakini jambo moja hawakuligusa. Kwa Wasoga, pacha hafi. Ukisema pacha amekufa, unamwitia balaa aliyebaki. Husemwa ameruka, basi. Kwa hiyo nyumbani mwao neno kufa halikutamkwa, na jina la Babirye nalo likanyamaza.

Mwaka 1992 Nakato alimaliza sekondari. Barua ikaja. Amepata nafasi ya kusoma fizikia chuo kikuu, Kampala. Mzazi atie sahihi, na jibu litumwe Ijumaa.

Bogere akauliza fizikia ndiyo kitu gani. Kwa furaha Nakato aliongea mbio, Kisoga nusu, Kiswahili nusu. Akasema kuna chembe ndogo sana, vumbi ni mlima kwake. Nyingine zinakaa mbili mbili, kama mapacha. Hazidumu. Zinaoza, na wataalamu wanachunguza jinsi zinavyooza.

"Mapacha wanaoza?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba. Haraka sana."

Bogere aliikunja barua, akaitia mfukoni. "Kampala huendi."

Nakato aliosha vyombo huku analia polepole ili asisikike. Alisikika. Moyo wa baba uliuma, lakini hakulegea. Wakubwa walimnyang'anya mmoja. Sasa wanataka kumfundisha wa pili jinsi mwenzake anavyooza?

Alhamisi alikuja Mariat, mwalimu wa fizikia, jirani yao. Baiskeli yake ilikuwa inapiga kelele. Kabla mwalimu hajashuka, Bogere alimweleza yote, kama mtu anayeripoti mwizi. Mariat alisikiliza. Yeye ni Mwislamu wa Mbale, Kiswahili chake ni cha nyumbani, cha taratibu. Bogere alijifunza lugha hiyo kwenye vizuizi vya barabarani, mikono juu, "ndiyo afande, hapana afande". Hakuzoea kuisikia ikisemwa kwa sauti ya chini.

"Mzee Isabirye," Mariat akasema. Ndivyo Wasoga wanavyomwita baba wa mapacha, na tangu Bugembe hakuna aliyemwita hivyo. "Mtoto amekosea neno. Kiingereza kina neno moja kwa ndizi iliyooza na kwa chembe hizi. Yeye akakuletea la ndizi."

"Kwani chembe haziozi?"

"Hakuna kinachooza. Chembe moja inaitwa kwaki. Mwenzake ni kwaki ya kinyume. Hizi anazosema Nakato ni nzito. Zinazungukana kidogo tu, hata jicho halijapepesa, halafu zinakutana, zinamalizana. Lakini nguvu yao haipotei. Inageuka chembe nyingine, nyepesi, zinaruka kila upande."

Bogere aliinua macho. "Umesema zinaruka."

"Zinaruka, mzee."

Bogere akauliza, kwa ukali wa kujikinga, nani amewahi kuona kitu hicho kama ni kidogo hivyo. Mariat alichota gololi kwenye kopo la fundi, akamwuliza zimetoka gurudumu gani. Bogere akacheka. Hilo ni swali la mtoto. Kubwa hizi ni za nyuma, tisa kila upande. Ndogo ni za mbele, kumi kumi.

"Na hukuliona gurudumu lenyewe?"

"La nini? Gololi zinasema."

"Basi na wataalamu ni hivyo hivyo. Wanakusanya zilizoruka, wanapima, wanajua zilitoka kwa nani."

Bogere alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, barua isiingie grisi. Akaweka sahihi. Ijumaa aliipeleka posta mwenyewe. Siku ya safari alimfungia Nakato sanduku, akasema huku anavuta kamba, "Babirye angekushikia upande wa pili." Nakato akamkumbatia. Walilia wote wawili, na hakuna balaa lililokuja.

Likizo ya mwaka wa pili Nakato alirudi, amenenepa kidogo, anajua maneno ya kweli sasa. Alikaa kwenye benchi akimsimulia baba. Zile kwaki nzito zikishikana zinaweza kuwa ndugu mdogo au ndugu mkubwa. Mkubwa ana nguvu zaidi, ndiyo tofauti. Kila mmoja anaweza kugeuka chembe mbili zinazoitwa ro na pai. Chukua wadogo na wakubwa kwa idadi sawa. Wadogo wakipita njia hiyo mara mia, hesabu inataka wakubwa wapite mara kumi na mbili hivi. Watu wamehesabu na kuhesabu. Hata mara moja haifiki.

"Wakubwa wenu wa chuo wanasemaje?"

"Wanasema hawajui."

"Wamesema kwa mdomo wao?"

"Wameandika, baba. Huyu ana wazo lake, yule lake, lakini jibu halijapatikana."

Bogere alitikisa kichwa. Serikali zote zile, hajawahi kumsikia mkubwa akisema hajui. "Hao ningewapigia kura," akasema. Kisha akamsogelea binti yake. Alitaka kuelewa vizuri.

"Ni ndugu kabisa?"

"Kwaki zile zile, baba."

"Na njia iko wazi kwa wote wawili?"

"Iko wazi."

"Sasa mmoja anapita, mwenzake hapiti. Kwa nini?"