Shati la Matundu Saba

Shati lilikuwa na joto, na pasi bado haijawashwa.

Mpiga pasi wa kasri aliinama chini ya meza yake, akaligusa tena ili ahakikishe. Lilikuwa chini kabisa ya kapu la matambara, mahali pasipofikiwa na jua wala moto, na lilikuwa limekaa hapo mwezi mzima. Hata hivyo lilikuwa na joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi, joto la shingo na la kwapa. Akalifunika upesi, akaenda kuchochea mkaa, akijiambia kwamba mikono yake ndiyo yenye joto.

Wenzake walimwita Dada Pasi. Walikuwa wanawake tisa katika chumba cha kufulia, na mkubwa wao alikuwa Shangazi, mjane mcha Mungu ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale, lakini aliwakemea wote kana kwamba aliwalea yeye. Binti yake wa pekee, Kicheko, alifua mashuka na kuwachekesha watu.

"Tazameni suruali ya Mfalme," Kicheko alisema asubuhi hiyo, akiipima tumboni mwake. "Mimi na mama tunaingia humu wote wawili, na nafasi ya mgeni inabaki."

"Kicheko! Ulimi huo utakuja kututoa roho."

"Mama, kwani mimi ndiye niliyemlisha?"

Dada Pasi alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye kapu.

Alikuwa na kazi mbili katika kasri. Ya kwanza kila mtu aliijua: kupiga pasi nguo za Mfalme mpya na za mdogo wake. Ya pili aliijua Waziri peke yake. Waziri alikuwa amemweka pale azisome nguo. Kola ikinuka tumbaku ya kigeni, mfuko ukiwa na vumbi la njia ya mpakani, mkono wa kanzu ukiwa na doa la wino, yeye aliona, na kila Jumatatu alipompelekea Waziri joho lake alimnong'oneza alichokiona. Hakuwahi kukosea, ila mara moja.

Mara hiyo moja ilihusu mdogo wa Mfalme, na mdogo wa Mfalme alikuwa mpenzi wake.

Mapenzi yao yalianza siku kijana huyo alipokuja mwenyewe kuchukua shati, akasahau kuondoka. Tangu hapo walikutana adhuhuri, wanawake wanapokwenda kusali na kujinyoosha, naye Dada Pasi anabaki peke yake kulinda mkaa usizimike. Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kijana yule alimfungua vifungo taratibu, kimoja kimoja, huku akimbusu kila mahali kifungo kilipotoka, mpaka akalazimika kumshika mabega. "Kuna siku tutaondoka mchana kweupe," alikuwa akimwambia sikioni. "Wewe mbele, mimi nyuma."

Kisha siku moja alikuta begani mwa shati la mpenzi wake unywele mrefu, mweusi, mnene. Wivu ukampanda kichwani kama moshi wa mkaa. Jumatatu alimwambia Waziri: "Mdogo wa Mfalme hutoka kila Alhamisi kwa mlango wa nyuma. Ana mwanamke." Alitaka wamfungie ndani tu, basi. Lakini Mfalme alikuwa hajavishwa bado joho la enzi, na alimwogopa mdogo wake kuliko alivyoogopa vita. Alhamisi hiyo, kwa amri yake, mlinzi wa mlango wa nyuma alimchoma kijana yule kisu mara saba, akamwacha juu ya ngazi.

"Hakukuwa na mwanamke," Waziri alimwambia baadaye, akinywa maji yake bila haraka. "Alinunua farasi wawili kwa siri. Ule ulikuwa unywele wa mkia wa farasi, binti. Farasi wa pili sijui alikuwa wa nani."

Dada Pasi alijua alikuwa wa nani. Alifika hadi chumba cha kufulia akiwa amesimama wima, na hapo ndipo alipoanguka.

Shangazi alikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja: nguo ya aliyeuawa ifuliwe siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, kisha izikwe. "Damu ya dhuluma ikikaukia nguoni inaita," alisema, akampa Dada Pasi lile shati. "Na kinachoitika siyo marehemu. Lifue, mwanangu." Dada Pasi hakuweza. Lilikuwa na harufu yake yote. Alichukua shati jingine, akalitoboa matundu saba kwa mkasi, akalifua, na Shangazi akalizika lile. La kweli akalificha, na damu yake.

Adhuhuri ya siku ile shati lilipopata joto, wanawake waliondoka kama kawaida. Chumba kikanyamaza. Maji yalidondoka kwenye karai, tone baada ya tone, kisha matone yakakoma, ijapokuwa bomba lilikuwa bovu tangu mwaka uliopita na halikuwahi kukoma. Ikaja harufu ya sabuni na ya ngozi yake, na chini ya harufu hiyo nyingine, nyembamba, kama chuma kilicholowa. Shuka la mwisho kwenye kamba likajaa umbo la mtu.

"Mpenzi," sauti ikasema. "Mbona hunitazami?"

Alikuwa yeye. Alikuwa na kovu lake dogo kidevuni na mikono yake mikubwa, na alipomkumbatia Dada Pasi kwa nyuma, pumzi yake ilimwenda shingoni ikiwa ya moto kama mvuke, naye akafumba macho, akaegemea kifua kile ambacho hakikuwa kikidunda, akajiruhusu asisikilize kwamba hakidundi. Vidole vilishuka kwenye vifungo. Midomo ikafika sikioni.

"Nani alisema?" ikanong'ona.

"Sijui," akajibu.

Siku ya pili mlinzi wa mlango wa nyuma alikutwa amekaa kwenye ngazi zilezile, macho wazi, nguo zake zimetobolewa mara saba. Zililetwa kufuliwa. Wanawake walishika pua. Dada Pasi peke yake alizikunjua, akayahesabu matundu, na moyoni akashukuru.

"Nani alisema?" ikauliza tena adhuhuri, mkono ukiwa kiunoni mwake.

"Sijui, mpenzi."

Siku ya tatu ikawa zamu ya Waziri. Walimkuta ndani ya kabati lake la nguo, amening'inizwa kwenye ndoano kama joho, na damu imejaa katika viatu vyake vyote vilivyopangwa chini. Kasri zima likafunga milango. Watu walisema ni wapelelezi wa nchi jirani. Wapishi walisema ni mke wa Waziri. Dada Pasi alilala usingizi mzito usiku huo. Hakuna tena aliyeijua siri yake.

Adhuhuri ya Jumatano lile umbo la mpenzi wake lilikuja na furaha. Lilimbeba likamkalisha juu ya meza ya pasi, likalaza kichwa mapajani mwake.

"Keshokutwa wanamvisha kaka yangu joho la enzi, na joho liko mikononi mwako," likasema. "Shona shati langu ndani yake, katikati ya bitana. Akilivaa, ninavaa mwili wake. Nitakuwa Mfalme, nawe utakuwa mke wangu mbele ya watu wote. Hakuna kujificha nyuma ya mashuka tena."

"Na yeye?"

"Yeye alinionea huruma?"

Dada Pasi aliifumua bitana ya joho jioni hiyohiyo.

Alhamisi, adhuhuri ikikaribia, alikwenda ghalani kutafuta uzi unaofanana na joho. Aliporudi, Kicheko alikuwa amelitoa shati kapuni, amelishika kwa vidole viwili.

"Dada Pasi, unafuga panya humu? Nguo inanuka hivi, na wewe ndiye unayetuambia usafi! Acha nikufulie, shukrani utanipa Ijumaa."

"Rudisha! Kicheko, rudisha hapo!"

"Lo, kwani ni la nani?" Kicheko akacheka, akakimbilia nalo uani kwenye birika kubwa la kusuuzia, jua likiwa kichwani sawasawa, na Dada Pasi akamfuata akipiga kelele, na alipofika mlangoni alimwona msichana analizamisha shati majini, kisha akaona shati linajaa, mikono yake miwili ikiinuka kutoka majini bila mtu ndani, ikimshika msichana mabega kwa upole kama mtu anayetaka kumbusu, na kitu kisichoonekana kikaingia na kutoka, kikaingia na kutoka, mara saba, na kila mara Kicheko alisema "Ah," kwa sauti ndogo ya mshangao, kama mtu aliyejichoma sindano.

Alianguka kifudifudi birikani. Maji yakamwagika mekundu kwenye sakafu mpaka kwenye miguu ya Dada Pasi.

Nyuma yake, sauti aliyoipenda ikasema, "Alitaka kututenganisha."

Hapo ndipo alipogeuka na kulitazama vizuri. Kovu lilikuwa kidevuni, mikono ilikuwa mikubwa. Lakini yule kijana hakuwa na moyo wa kumkanyaga hata paka. Yule aliwahi kusubiri nje kwenye mvua kwa sababu Kicheko alikuwa amesinzia chumbani na hakutaka kumwamsha.

"Wewe siyo yeye," akasema.

Likatabasamu kwa midomo ya kijana yule. "Ulijua lini?"

Walimwosha Kicheko alasiri ileile. Shangazi alimwosha mwenyewe, bila kilio, akisoma kwa sauti ya chini. Alipotoka, mikono ingali na maji, alimkuta Dada Pasi amepiga magoti mbele ya karai, shati limelowa ndani, na sabuni haitoi kitu. Damu ilikuwa inazidi. Kila alipolisugua, shati lilitoa zaidi ya damu ambayo mtu mmoja angeweza kuwa nayo.

Shangazi alilitambua. Akayahesabu matundu. Akakaa chini polepole kama mzee, ilhali asubuhi hakuwa mzee.

"Nilizika nini mimi?"

"Shati jingine, Shangazi. Nilikudanganya."

Shangazi alianza kusoma aya za Mwenyezi Mungu, na kwa kila aya chumba kilizidi kujaa joto, mashuka yakajipiga kwenye kamba kama mtu anapigwa humo ndani, mkaa ukaruka kutoka kwenye pasi na kuzagaa sakafuni, na mkono wa shati ukatoka karaini ukamzunguka Dada Pasi shingoni, ukakaza, ukamwinua kutoka kwenye magoti yake, na mwingine ukaikamata pasi yenye moto mezani na kuibandika juu ya mkono wake wa kulia, ukaushikilia pale huku nyama ikilia na yeye hawezi kupiga kelele kwa kukosa pumzi, na sauti ya mpenzi wake ikimbembeleza sikioni kwa maneno yaleyale ya nyuma ya mashuka.

"Niambie nisome nini, Dada Pasi!" Shangazi alipiga kelele. "Jini hili haliondoki! Limeshikilia nini kwako?"

"Mwambie," likanong'ona jini, likicheka. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuuliza nani alisema, ukasema sijui. Kila sijui yako ilikuwa mlango. Mwambie, akuchukie, ubaki na mimi tu."

Shati lililegea kidogo, kwa kiburi, likiwa na hakika kwamba kwa hofu hiyo atasema uongo mwingine.

"Ni mimi," Dada Pasi akasema. Sauti ilitoka kama kokoto. "Mimi nilikuwa mpelelezi wa Waziri. Mimi nilimsema, kwa wivu, kwa unywele wa farasi. Wamemuua kwa mdomo wangu. Nikaficha damu yake kwa sababu nilimtaka. Na binti yako, Shangazi, amekufa kwa sababu hiyo. Ni mimi niliyesema. Ni mimi."

Pasi ilianguka. Ukasikika mlio ambao haukuwa wa mtu wala mnyama, ukapita dirishani ukivunja vioo vyote kwa mpigo, na mbwa wa kasri wakabweka kwa mfululizo kutoka uani hadi lango la nje, kisha hadi barabarani, kisha mbali. Karaini, maji yalikuwa na povu. Shati lilielea juu yake, jeupe, na matundu yake saba.

Ijumaa Mfalme alivishwa joho la enzi lililoshonwa upya, akabaki na dhambi yake mwenyewe bila msaada wa jini.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Alhamisi ile, chumba kilipotulia, Shangazi aliutazama mkono ulioungua, vidole vimeshikana, mkono ambao hautapiga pasi tena. Dada Pasi hakuthubutu kuinua uso.

"Mwenyezi Mungu husamehe papo hapo, mja akitubu," Shangazi alisema. "Mimi siyo Yeye. Kicheko bado hajafika kaburini. Nipe muda, na muda wenyewe huenda usitoshe."

"Ndiyo, Shangazi."

Jua lilikuwa limebakiza kama nusu saa. Shangazi akajivuta, akashika ncha moja ya shati, akamsukumia ile nyingine.

"Shika kwa mkono mzima," akasema. "Tulikamue, tukalizike. Huyu kijana naye amesubiri vya kutosha."