Mabuu Kumi Kwenye Kopo

Kisa hiki alinisimulia mdogo wangu, mama wa binti mwenyewe, siku tulipokuwa tukipukuchua mahindi yake. Robo gunia, ndiyo mavuno yote ya mwaka ule.

Kila asubuhi binti yake wa miaka kumi na miwili alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akachungulia kopo lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na udongo wa shambani, mbegu za mahindi zilizopakwa dawa nyekundu, na mabuu kumi weupe, wale wanaokula mizizi. Kazi hiyo alipewa na bwana shamba.

"Siku kumi, binti. Kila siku wachokoe kwa kijiti, uandike nani hai, nani mfu. Wakifa, mama yako apande tu. Wasipokufa, shamba lilimwe upya, mabuu waokotwe kwanza."

Mbegu ilikuwa mfuko mmoja, na ghalani hamkuwa na kitu.

Siku ya tatu mabuu wote walikuwa wamejinyoosha, hawatikisiki. Binti akawamwaga shimoni, akaandika "wamekufa" hadi siku ya kumi, akibadilisha kalamu ili ionekane kweli. Kisha akaenda kuruka kamba.

Siku ya kumi mama akalisoma daftari. "Afadhali, mgongo wangu umepona," alisema. Wakapanda.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza kusinyaa. Ukivuta mche, unakuja mkononi bila mizizi. Mama akashika njia hadi dukani, binti nyuma yake na kikapu.

"Umeniuzia rangi, siyo dawa," alimwambia muuza mbegu mbele za watu.

"Dada, mfuko ulikuwa umefungwa. Uliufungua mwenyewe."

"Kwa hiyo watoto wangu wale mfuko?"

Watu wakacheka. Wawili wakarudisha mbegu zao. Muuza mbegu akazipanga tena rafuni. Binti akashindwa kumtazama.

"Mama, siyo yeye. Mimi niliangalia siku tatu tu."

Mama akamwomba muuza mbegu radhi palepale, mbele ya walewale waliocheka.

Jioni bwana shamba alichimba chini ya shina moja akatoa buu mnene, anajikunja kiganjani. "Dawa hii wakati mwingine haiwaui, inawalewesha. Buu analala kama mzoga, siku ya sita au ya saba anaamka na njaa yake. Ndiyo maana nilisema kumi."

Mama hakumpiga binti. Alimpa jembe. Juma zima walifukua na kuokota mabuu kwa mkono, ndoo baada ya ndoo, wakaokoa kona moja tu ya shamba. Nyumbani wakawa wanakula mara moja kwa siku.

"Ungeniambia umechoka, ningewachokoa mwenyewe," mama alimwambia. "Uvivu wako ningeubeba, mwanangu. Lakini nililiamini daftari lako, nikapanda mbegu yote."

Bwana shamba akamletea kopo jingine kwa ajili ya msimu ujao. Jioni ile, viganja vimejaa malengelenge, binti aliwachokoa mabuu mmoja mmoja, akaandika, akalala bila kuvua gauni.

Mama akalisogeza daftari kwenye taa. *Siku ya kwanza. Tisa hai. Mmoja sijui, nitamwangalia tena kesho.*

Akalisoma mara mbili, akazima taa, akalala.