Jeneza Halifungwi Tupu

Giza lilikuwa linaingia Kituko alipopenya karakana ya mjomba wake, fundi wa majeneza, kuchukua stendi ya simu aliyoisahau. Alishapigwa marufuku kukanyaga pale. Wiki chache nyuma alijificha ndani ya jeneza, na bibi mmoja alipokuja kumnunulia marehemu mumewe jeneza, Kituko akachomoka akipiga ukelele huku simu ikirekodi. Bibi alianguka. Hakuinuka tena. Video ikasambaa, watu wakacheka mpaka machozi, na Kituko akawa mtu wa kusalimiwa njiani.

Usidhani hakusikitika. Alisikitika sana. Ila mtu akishaonja sifa, haya humkimbia.

Macho yake yakatua kwenye jeneza jipya, linanuka vanishi. Video moja tu, ya kuagia. Akaanza kurusha moja kwa moja mtandaoni, akajilaza ndani, akavuta mfuniko. Ukagoma. Kibanzi cha mti kilibanwa ukingoni. Mjomba hakuacha jeneza lifungwe kabla marehemu mwenyewe hajaletwa. Likifungwa tupu, alisema, hutafuta mtu. Kituko alikuwa akimcheka kwa hilo.

Akakichomoa.

Tap.

Akasukuma. Mfuniko haukutikisika. Akasukuma kwa magoti, kwa viganja, kwa paji la uso... Harufu ya vanishi ikafifia. Ikaja nyingine, ya mafuta ya kuchulia, yale ya wazee wenye maumivu ya viungo.

Akapiga kelele za kuomba msaada. Kwenye kioo cha simu maoni yakamiminika: leo umetuweza, ebu lia tena, huyu kazaliwa kuigiza. Kadiri alivyolia ndivyo watazamaji walivyoongezeka.

Akampigia mama yake.

"Mama, nimefungiwa kwa mjomba. Siwezi kupumua. Njoo."



"Mwanangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kaburi la yule bibi halijakauka. Mimi usinitie kwenye michezo yako."

Akakata.

Hapo bega lake la kushoto likaguswa. Mle ndani, ambamo hata kiwiko hakikuwa na pa kugeukia...

"Sogea kidogo, mwanangu," sauti ikanong'ona, haina hata hasira. "Na mimi niliogopa hivi hivi."

Asubuhi mjomba aliuinua mfuniko kwa kidole kimoja. Haukuwa na msumari wala kitasa. Majirani wanasema kijana alikosa hewa, akili ikaruka. Mjomba alilipasua jeneza lile kuni, na kuni zenyewe hakuna aliyezitaka. Video ya usiku ule bado inatazamwa, na watu bado wanacheka.

Kituko yuko hai. Mama yake humlisha kwa kijiko na kumwomba msamaha, naye hajibu. Ila jioni ikiingia hujibana ukutani, akaacha nusu ya kitanda wazi.

Mama ameketi mlangoni, anatazama. Upande ule usio na mtu, godoro linabonyea taratibu.