Majoho Mekundu

Kila alipotoka shule, Chiriku aliweka mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono, kisha akaingia chini ya meza ya kukatia nguo kuokota pini zilizoanguka. Hilo la Chiriku halikuwa jina lake halisi. Majirani walimpa binti huyo kwa sababu ya mdomo wake. Walisema hata akilala, lazima anapiga soga na mto.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani karibu na dirisha, pasi juu ya tofali, vitambaa rafuni, na kioo kirefu ambamo wateja walijitazama huku wamevuta matumbo ndani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na ulimheshimu kwa sababu hakuwa na maneno mawili. "Dada yangu, rangi hii haikupendezi," alimwambia mteja waziwazi. Mteja alinuna, akaondoka, na baada ya siku chache alirudi na kitambaa kingine.

Siku hizo Fundi alikuwa na kazi isiyo ya kawaida. Alikuwa anashona majoho mekundu, mazito, yenye mikono mipana na bitana nyeusi kwa ndani. Kila lililokamilika alilitundika ukutani. Aliyeleta kazi hiyo alikuwa dereva mmoja mpole mwenye gari kubwa la vioo vyeusi. Fundi hakusema majoho ni ya nani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chiriku hakuuliza.

Hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Rafiki yake wa darasani, msichana mrefu aliyeitwa Rula, alikuwa amemwonyesha video kwenye simu ya kaka yake. Mtu asiyeonekana sura alisema kwa sauti nzito kwamba vigogo wana chama chao cha siri. Hukutana kwenye jumba lisilo na madirisha, huvaa majoho mekundu, na hunywa damu ya watoto ili wasizeeke. Picha zilikuwa za gizagiza, migongo tu ya watu waliovaa nyekundu. "Sambaza upesi kabla hawajaifuta!" ilimalizia ile sauti.

"Ndiyo maana matajiri hawapati makunyanzi," Rula alinong'ona.

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Pini ziliachwa sakafuni. Kila joho jipya lilipotundikwa, aligeuza uso. Je, mama yake alikuwa anawashonea wale watu? Alijua? Na kama alijua?

Alasiri moja Fundi alitoka kwenda kununua uzi, akaacha simu mezani. Katika simu hiyo kulikuwa na kundi la darasa, la kutumiana kazi za nyumbani, ambalo Fundi mwenyewe hakulifungua. Chiriku aliichukua, akabonyeza pa kurekodia sauti.

"Jamani, ile video ni ya kweli," alisema harakaharaka. "Gari la wale vigogo linakuja hapa mtaani kwetu. Ni jeusi, kubwa. Nimeyaona majoho kwa macho yangu."

Hakusema ameyaona wapi. Majibu yalimiminika. Hata wavulana waliokuwa wakimwambia anyamaze darasani sasa walimsihi aendelee. Mmoja tu alitia shaka: "Majoho tu? Labda ni ya kwaya."

Chiriku alihisi utamu wote unamponyoka. Akabonyeza tena. "Basi nilikuwa sijasema yote. Nilisikia mtoto analia ndani ya lile gari."

Maneno hayo yalimtoka kwa wepesi, kama mtu anayeongeza chumvi mchuzini bila kuonja.

Jumamosi asubuhi dereva alikuja kuchukua kazi yake. Alibeba majoho, yakiwa yamefunikwa vizuri kwa mifuko ya nguo, akayapanga kwenye buti, akamshukuru Fundi na kuondoka. Hakufika mbali. Chiriku alisikia breki, kisha makelele. Alichungulia dirishani. Watu walikuwa wamelizingira gari katikati ya barabara, wengine wameshika mawe.

Mbele ya wote alikuwa muuza nyama wa pale kona, mtu mwenye sauti kubwa hata mtaa ulimwita Kipaza. Alikuwa amemkaba dereva shingoni.

"Watoto wako wapi?" alinguruma. "Fungua buti!"

"Watoto gani, ndugu yangu? Mimi ni dereva tu..."

"Watoto wetu wenyewe wamesikia kilio humu ndani!"

Jiwe lilirushwa, na taa ya nyuma ikavunjika. Dereva alijikunyata, akafunika kichwa kwa mikono.

Fundi hakungoja kuvaa viatu. Alitoka pekupeku, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akapenya katikati ya umati akisema "nipisheni, nipisheni" kama anayewahi foleni. Alipofika kwenye gari alipanda juu ya boneti, akaketi. Akakunjua sketi yake vizuri, akafunika magoti, akawatazama.

"Anayetaka kurusha jiwe, arushe," alisema. "Mimi nipo."

Hakuna aliyerusha. Kila mtu pale alikuwa amewahi kupimwa nguo na mwanamke yule.

"Shuka, Fundi," Kipaza alisema. "Hujui huyu ni nani. Anawakusanyia wakubwa watoto."

"Mtoto gani?"

"Watoto!"

"Nimekuuliza mtoto gani. Wa nani? Mama aliyepotelewa na mtoto anyooshe mkono, tumtafute sote sasa hivi, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Watu waligeuka kutazamana. Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Lakini kuna video..." mmoja alisema kwa nyuma.

"Na hicho kilio mnachosema? Nani hasa alikisikia?"

"Mwanangu kasema," alijibu mwanamke mmoja. "Ameambiwa na mwenzake wa shule."

Chiriku alikuwa amekwisha kutoka nje, amesimama ukutani. Angeweza kurudi ndani. Sauti yake ilipita simu hadi simu, na sasa hakuna aliyejua tena ilianzia wapi. Alimtazama dereva, ambaye shati lake lilikuwa limechanika na midomo inamtetemeka. Alimtazama mama yake juu ya boneti, peke yake, hana hata fimbo mkononi. Mama hakuwa akitetemeka. Chiriku hakuwahi kumwona mtu mkubwa kiasi kile.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti, huku machozi yanamlenga. "Ni mimi niliyesema! Mama, ni mimi!"

Watu walimpisha. Fundi alishtuka, lakini hakufoka. Aliinama kidogo.

"Haya, mwanangu. Tuambie ulichokiona kwa macho yako. Hicho tu."

"Niliona majoho. Mekundu."

"Wapi?"

"Nyumbani kwetu. Ukutani."

"Na kilio cha mtoto ulikisikia?"

Chiriku alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Sikusikia chochote. Nilitia chumvi ili waniamini."

Minong'ono ilizagaa. Jiwe moja lilianguka chini, kisha jingine. Fundi aliteremka, akamwomba dereva afungue buti, akatoa joho moja na kulikunjua mbele ya kila mtu.

"Hili nimelishona mimi, kwa mikono hii. Ni la majaji wa mahakama. Mahakama mpya inafunguliwa, na majaji huvaa nyekundu siku kama hiyo. Huyu kaka ni dereva wa jaji. Kipaza, njoo hapa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwenye mabega ya kijaji. Vaa."

Kabla hajapata la kusema, Kipaza alijikuta ndani ya joho, mikono mipana ikimfika magotini. Fundi alimzunguka, akamrekebishia ukosi, akarudi nyuma kumtazama.

"Haya, umelivaa. Una kiu ya damu ya mtoto?"

Kipaza alijitazama, akameza mate. "Nina kiu," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Lakini ya chai."

Kicheko kilipasuka mtaa mzima. Hata dereva alicheka, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka. Kipaza alivua joho kwa uangalifu, akalikunja, kisha akamshika dereva mkono. "Ndugu yangu, nisamehe. Nimekukaba bila kukuuliza." Makanika mmoja aliyekuwemo katika umati huo, tena mmoja wa walioshika mawe, alikwenda mwenyewe kuleta taa nyingine na kuifunga palepale.

Dereva aliingizwa ndani, akapewa maji na kiti. Wakati Fundi anamshonea shati, Chiriku alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba. Naomba unisamehe. Nusura wakuue kwa sababu yangu."

"Marahaba," dereva alijibu. "Nimeogopa leo, sikufichi. Lakini umati ule ulikuwa na watu wazima wengi, na wewe peke yako ndiye uliyesema 'ni mimi'. Nimekusamehe, binti."

Alipoondoka, Chiriku alimsimulia mama yake ile video ya Rula, kisha akamuuliza. "Mama, kwa hiyo wakubwa hawafanyi mabaya?"

Fundi alikata uzi kwa meno. "Wanafanya, tena wengine makubwa. Mkubwa akiiba au akimwumiza mtu, ashtakiwe kama mwingine yeyote. Ndiyo maana kuna mahakama. Lakini huko utaulizwa: nani kafanya, kamfanyia nani, lini, na nani aliona. Ile video haikujibu hata moja. Ilikutia hofu tu, kisha ikakutuma kazi ya kueneza hofu yake. Siku ukisikia jambo la kutisha, uliza kwanza. Na unaishi nami nyumba moja, Chiriku! Ungeniuliza majoho ni ya nani, ningekujibu."

"Niliogopa utasema ni ya wale watu."

Fundi aliweka nguo chini, akamvuta mwanawe kifuani. "Hata jibu likiwa baya, njoo tulisikie wawili. Anayekaa na hofu peke yake huishia kuamini chochote."

Kisha akamnyooshea simu. Chiriku alivuta pumzi, akabonyeza pa kurekodia.

"Jamani, ni mimi. Kilio cha mtoto nilikitunga. Majoho ni ya majaji, kayashona mama yangu. Leo mtu nusura auawe kwa sababu yangu. Kila mliyempelekea sauti yangu ya kwanza, mpelekeeni na hii."

Wa kwanza kujibu alikuwa Rula. "Na video je?"

Chiriku alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amerudi kwenye cherehani na kumwachia ajibu mwenyewe.

"Muulize aliyeituma," alisema Chiriku. "Muulize ni mtoto gani, wa nani, na nani alimwona. Akishindwa, usiipeleke kwa mtu mwingine."