Jina la Tatu Kwenye Bango

Ujumbe uliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Swafiya akiwa ofisini Muhima, mjini Kigali, na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi: "Abiria watatu wamepokelewa salama. Tunaelekea hotelini."

Watatu? Swafiya akausoma tena. Yeye alikuwa amesafirisha watu wawili tu, Norman na mkewe Phiona, maarusi wa Gahanga waliokwenda fungate Unguja. Huyo wa tatu hakuwepo duniani. Alikuwa amemtunga yeye mwenyewe, kwa vidole vyake.

Kazi yake katika ofisi ile ndogo ya safari ilikuwa kuwapangia wateja gari la kuwapokea uwanja wa ndege wa kisiwani na kuwafikisha hotelini bila bughudha. Unajaza fomu kwenye kompyuta: majina, namba ya ndege, hoteli, na anwani ya nyumbani ya kila abiria. Kule dereva anayaandika majina kwenye bango, anasimama mlangoni, anayaita. Sasa Phiona alikuwa na masanduku manne, utadhani anahama nchi, na fomu ile ni kaidi: abiria wawili hupewa gari dogo, na basi dogo ni la watatu kwenda juu. Bosi wake Winifred, aliyekulia Kampala na asiye na subira na kompyuta, alishajua dawa yake. "Ongeza mtu," alisema. "Weka jina lolote bwana. Si kila siku tunafanya hivyo?"

Winifred mwenyewe huandika jina la paka wake. Swafiya kichwani alikuwa na jina moja tu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na kabla ya hiyo zilishamtoka mbili. Hii ilikuwa imeshika, na aliyekuwamo alishamwekea jina: Ilyasi, jina la marehemu baba yake. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, na la aliye tumboni halitamkwi. Lakini kuandika si kutamka, alijiambia. Akaandika Ilyasi, na kwenye anwani akaweka nyumba yake mwenyewe ya Kimironko, kwa uvivu tu wa kufikiri nyingine.

Mchana ule simu ikalia tena. Safari hii Makame, dereva wa kisiwani, alikuwa ametuma sauti.

"Dada Swafiya, hivi huyu kijana wako Ilyasi ana maradhi gani? Mimi nimesimama na bango langu, nikaita majina kama kawaida. Nilipomwita yeye nikasikia labeka, nyuma yangu! Nyuma, dada, si huko wanakotokea wageni. Nageuka, namwona kafupi hivi, kajifunika shuka, karowa chapachapa. Maarusi wakadhani mtu wa hoteli. Kaenda kukaa siti ya mwisho, na gari ikaanza kunuka, wallahi, kama pweza aliyesahauliwa kwenye mfuko juani siku tatu. Tumefika hoteli, hayupo. Siti imejaa ute mzito kama makamasi, na ndani ya ute mna nywele. Nyembamba, dada, kama za kitoto. Gari nimeiosha mara tatu na bado natapika."

Swafiya akanywa chai ili atulize roho. Kitu kikamnasa kooni. Akakohoa, akatia kidole, akakivuta: gamba la samaki, pana kama ukucha wa dole gumba, linavuta uzi wa ute kutoka kooni mwake. Akakimbilia chooni mkono mdomoni.

Baya zaidi lilikuwa kwamba safari aliipanga ya kwenda na kurudi. Jumamosi maarusi wangetua Kigali, na fomu ilishaweka gari la kuwapokea, la watu watatu. Swafiya akalifuta jina la tatu. Kesho yake akalikuta limerudi. Akalifuta tena, likarudi. Akampigia Ganza, dereva wao wa Kigali.

"Ganza, nisikilize vizuri. Kwenye bango kuna majina matatu. La tatu usiliite. Umesikia?"

"Hakuna shida, madamu. Haliitwi."

Na kweli Ganza hakuliita. Aliyeliita ni Phiona. Alitoka amepigwa jua hadi pua inabambuka, akaliona bango, akaangua kicheko. "Norman, ona! Hata huku tumepewa mtu wa tatu. Ilyasi ni nani jamani? Ilyasi! Ilyasi!"

Labeka, kikasema kitu nyuma ya masanduku.

Jioni ile ile, jua halijazama, Ganza, akiwa barabarani, akampigia Swafiya. "Madamu, abiria wako iko mlangoni kwako. Nimeshusha wale wawili Gahanga, yeye akakataa kutoka. Akasema 'bado mimi'. Mana yanjye, Mungu wangu, iko harufu mbaya sana, madamu. Mimi narudi nyumbani, usinipigie tena leo."

Nasiri, mumewe Swafiya, alikuwa fundi cherehani sokoni Kimironko, mtu wa utani mwingi. Usiombe kuona mtu wa utani akinyamaza. Siku ya kwanza alilaumu bomba la maji machafu. Siku ya pili alinunua dawa ya kudeki chupa tatu. Siku ya tatu alifungua pipa la unga, akazamisha kikombe, kikatoka na bonge la ute wa uvuguvugu lenye vichwa vya dagaa visivyo na macho, macho yamefyonzwa, vimebaki vitundu. Siku ya nne alifungua sanduku la nguo za mtoto, zile alizozishona mwenyewe kwa mabaki ya vitenge, akaziinua moja moja. Zote zilikuwa zimelowa mate. Kila kola ilikuwa imetafunwa.

"Mke wangu," alinong'ona, "humu ndani tuko wangapi?"

Swafiya akamweleza yote, naye kwa sauti ya chini, maana walishajua kwamba ukisema kwa nguvu kinakusogelea. Mchana walikisikia kikifyonza. Fyoo, fyoo, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, chini ya meza wakila. Na jambo moja Swafiya alikuwa hajalisema, akalisema sasa huku machozi yanamtoka: kila kilipofyonza, mtoto tumboni aliacha kucheza. Kila siku alikaa kimya muda mrefu zaidi ya jana. Jana ilikuwa kutoka adhuhuri hadi alasiri, na Swafiya amekaa sakafuni akijipapasa tumbo, akimbembeleza apige teke moja tu.

Nasiri hakungoja. Alikwenda kumleta Bi Kaze, mwanamke anayewaosha maiti wa kike mtaani, mtu ambaye majini yenyewe yanamjua. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri, kandambili miguuni, akasimama mlangoni akavuta pumzi. Nasiri akainua leso ajizibe pua. Bi Kaze akampiga kibao cha mkono.

"Toa hiyo! Ukimwonyesha kinyaa unampa kisa cha kukaa." Kisha akamgeukia Swafiya. "Mwanangu, hiki hakikuingia kwa dirisha. Umekiandikia jina, ukakipangia gari, mtu kasimama na bango akakiita, kikaitika. Mgeni gani huyo aliyepokelewa kwa heshima kuliko mimi siku ya harusi yangu? Jina kinalo, nyumba kinayo. Kilichobaki ni mwili, na mwili kinauona hapo." Akaonyesha tumbo.

"Nifanye nini, Bi Kaze? Nitafanya lolote."

"Utamsindikiza kama ulivyompokea. Gari hilo hilo, bango, uwanja wa ndege, mchana kweupe. Kule pia awepo wa kumpokea. Utamlisha chakula cha njiani kwa mkono wako. Na jina utampa moja kwa moja, hutalitamka tena kwa mtoto wala kwa baba yako, Mungu amrehemu." Hapo Swafiya akalia kwa kwikwi, maana lile jina ndilo pekee lililokuwa limebaki la baba yake. Bi Kaze akamwacha alie, kisha akamshika kidevu. "Na kubwa kuliko yote, usimwonyeshe kinyaa. Usiteme mate, usizibe pua, usitapike, mpaka apite mlango wa kioo. Ukimwonyesha kabla hajapita, ataona hukumsindikiza, umemfukuza. Mimi hapo sitakuwa na dawa."

Ganza alibembelezwa kwa saa nzima kabla ya kukubali. Makame naye akaandikiwa: abiria mmoja, jina Ilyasi, ampokee kwa bango. Alhamisi saa sita mchana Swafiya akasimama mlangoni kwake na bango aliloliandika kwa mkono wake, jua linawaka, majirani wanaanua nguo, akaufungua mlango wa nyuma wa gari na kusema, kwa sauti aliyoitumia kwa wateja wote, "Karibu, Ilyasi. Gari iko tayari."

Kikatoka. Kilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minne, shuka imegandana nacho kama ngozi ya maziwa, na kilipopanda kitini kilibonyea kama kitambaa cha kudekia. Swafiya akakaa kando yake. Gari likaondoka, Ganza ametoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na harufu ikajaa, harufu ya matumbo ya samaki na maziwa yaliyochacha na jeraha lililofungwa muda mrefu, ikaingia puani ikashuka kooni ikawa ladha, na Swafiya akatabasamu. Akafungua chapati aliyoifunga, akamega, akanyoosha mkono. Shuka ikasogea, ndani yake kukawa na mdomo usio na meno, ufizi mweupe kama nyama ya kuku iliyochemshwa, ukaichukua chapati, na baada ya chapati ulimi ukatoka, mrefu, baridi, wenye chembe za mchanga, ukamlamba kiganja kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, taratibu, ukarudia, ukaingia katikati ya kila kidole kutafuta makombo, huku kikifyonza fyoo, fyoo, na tumboni mtoto ametulia tuli kama jiwe, na Swafiya anatabasamu, anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma, anamega tena.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wote walishuka. Mbwa wa ulinzi alilala chini akajikojolea, mlinzi akamshangaa. Swafiya akatembea na kile kitu hadi karibu na mlango wa kioo, akainama sikioni pake, pale alipodhani ni sikio.

"Jina hili ni lako," alisema. "Nenda nalo. Safari njema."

Kikaenda. Plach, plach, nyayo zake zikiacha ute kwenye vigae. Mlango ukafunguka. Zilibaki hatua tatu. Hapo Swafiya, maskini, akauinua mkono ajifute jasho la usoni, kiganja kikapita mdomoni, akailamba ile ladha bila kutaka. Akatapika palepale, chapati na nyongo, hadi kwenye viatu.

Alipoinua macho kilikuwa kimesimama. Kiligeuka, kikayatazama matapishi, kikamtazama na yeye, na ule ufizi mweupe ukafunguka polepole. Kisha kundi la watalii likapita na masanduku yao, na walipopita hapakuwa na kitu.

Ndani ya gari mtoto akampiga teke, la nguvu, mara mbili. Swafiya akacheka kwa furaha huku akilia. Na Bi Kaze alipomuuliza, "Ulijizuia?" alijibu haraka, "Nilijizuia." Angesemaje? Nyumba ilikuwa inanuka sabuni. Mumewe alikuwa ameanza tena utani. Jioni ile Makame alimtumia sauti, naye hakuifungua. Kesho, alijiambia. Kesho ikawa miezi miwili.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, analia hadi wodi nzima inamjua. Siku ya saba nyumba ikajaa watu, pilau ikapikwa uani, Nasiri akatangaza jina: Hirwa. Watu wakashangilia. Swafiya alikuwa amekaa chumbani kitandani, mtoto mapajani, roho imetulia, akajisemea kwamba mtu hawezi kuogopa simu maisha yake yote. Akaitafuta ile sauti ya Makame, akaiweka sikioni.

"Dada Swafiya, nimesimama na bango mpaka abiria wote wamekwisha, mpaka wafagiaji wamekuja. Nimeita sana. Hakushuka mtu."

Mtoto akaacha kunyonya. Akageuza kichwa, akaupata mkono wa mama yake pale ulipolala kwenye kitenge, akatoa ulimi. Ulikuwa mrefu, wa baridi, na ulikuwa na chembe za mchanga. Ukaanzia kwenye kifundo, ukapanda taratibu hadi ncha za vidole, ukaingia katikati ya kila kidole. Fyoo, fyoo.

Pazia likasogezwa. Bi Kaze akachungulia, sahani ya pilau mkononi, akasita kidogo, pua yake ikacheza.

"Vipi mwanangu? Hirwa hajambo?"

Nyongo ilishamfika Swafiya kooni. Akaimeza. Akauacha mkono pale pale, akamtazama mwanawe, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Hajambo, Bi Kaze," alisema. "Ana njaa tu."