Kwa Nini Modemu Iligoma

Kuanzia Jumapili, Severina alikuwa akitoka zamu hospitalini, anapika, halafu anakaa mbele ya kisanduku cheupe na kukikodolea macho. Kisanduku hicho ni ruta. Kazi yake ni kugawa intaneti kwa watu kadhaa ndani ya nyumba. Kilikuwa na taa nne. Tatu ziliwaka kijani. Ya nne, taa ya intaneti, ilikuwa nyekundu tangu siku ya kwanza. Severina aliichukia taa ile kuliko kitu chochote mle ndani.

Shida ilikuwa hivi. Severina ni muuguzi mjini Masasi. Yeye na mwenzake Anifa wanajiendeleza kwa masomo ya mtandaoni. Mtihani wao ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, na kila mmoja alitakiwa awe na kompyuta yake. Mtihani uliopita walitumia intaneti ya simu ya Anselmo, mume wa Severina. Lakini Anselmo ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima, na ulikuwa msimu wa korosho. Simu yake haikupumzika. Kila ilipoita, intaneti ilikatika. Wote wawili wakatolewa nje ya mtihani. Chuo kikawapa nafasi moja ya mwisho. Wakiikosa, wanarudia mwaka mzima.

Ndipo Severina akanunua ruta. Modemu alikuwa nayo siku nyingi. Ni kifaa kidogo, kina laini ya simu ndani, unakichomeka kwenye kompyuta, na hiyo moja tu inapata intaneti. Muuzaji alimwambia aichomeke nyuma ya ruta, basi, kazi imekwisha. Aliichomeka. Haikufanya kazi.

"Labda bando limeisha," Anselmo alisema.

"Baba Dorika, bando lipo. Kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri."

"Basi zima, uwashe tena."

"Nimezima na kuwasha mara ishirini. Hiyo ni leo tu."

"Au mnara umezidiwa. Msimu huu watu ni wengi."

"Mnara umezidiwa kwa ruta tu, kwa kompyuta haujazidiwa?"

Simu ya Anselmo ikaita. Akaipokea haraka na kutoka nje.

Ijumaa jioni Anifa alifika kwa pikipiki kutoka Lisekese, kompyuta mgongoni. Alikuja kulala hapo kwa ajili ya mtihani. Jambo la kwanza aliloliona ni taa nyekundu.

"Dada, kesho tutafanyaje?"

"Kesho nitaitupa shimoni."

Anifa hakucheka. "Mimi siwezi kurudia mwaka, dada. Kuna fundi yeyote hapa jirani?"

Alikuwapo. Isabela, nyumba ya tatu, anatengeneza kompyuta mjini. Severina hakupenda kumsumbua binti wa watu Ijumaa jioni. Lakini alikuwa amechoka kupigana na kisanduku. Akampigia, na Isabela akaja.

"Hodi. Shikamoo, mama Dorika."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu."

Isabela hakuigusa ruta. "Mama, nionyeshe kwanza inavyofanya kazi kwenye kompyuta. Fanya kama siku zote."

Severina alishusha pumzi. Kila mtu anamrudisha mwanzo. Akachomeka modemu, programu yake ikafunguka, vidole vikagonga, akabonyeza kuunganisha. Intaneti ikaja.

"Unaona? Huku inakubali."

"Hapo mwanzo umeandika nini?"

"Wapi?"

"Kabla ya kuunganisha. Umegonga namba nne."

Severina akavitazama vidole vyake. Alikuwa akizigonga namba zile kwa miaka miwili bila hata kuzitazama.

"Ni namba ya siri ya laini," alisema. "Inaiuliza kila ikiwashwa. Baba Dorika ndiye aliyeiweka."

Anselmo alikuwa ameingia, akajieleza. Msimu wa korosho wakulima hujaa barazani kwake kusoma ujumbe wa mnada, na simu zake hupita mkono kwa mkono. Mwaka mmoja mtu aliondoka na laini yake. Tangu hapo alifunga laini zote za nyumbani kwa namba ya siri.

"Na ya modemu?" Severina aliuliza.

"Nayo ni laini."

"Nakuuliza wiki nzima."

"Uliniuliza habari za ruta, mama Dorika. Laini hukuuliza."

 Severina akaona ugomvi huo ungoje wageni waondoke.

"Kompyuta ina kioo," Isabela alieleza. "Laini ikiomba namba, mama anaona, anaandika. Ruta haina kioo wala pa kuandikia. Laini inaomba namba, hakuna wa kuijibu. Ndiyo maana taa ni nyekundu. Ruta nyingine unaweza kuzihifadhia namba hiyo ndani. Hii yenu haiwezekani, kwa hiyo tuondoe kufuli kwenye laini."

"Na mwizi?" Anselmo aliuliza.

"Simu ziache na kufuli, baba, maana zinazunguka. Modemu inakaa ndani."

Anselmo akavuta kompyuta. "Lete niifungue mimi. Namba naikumbukakumbuka."

"Usibahatishe, baba. Ukikosea mara tatu laini inajifunga. Hapo utatakiwa namba ya PUK ya kuifungulia, iliyo kwenye kadi iliyokuja na laini. Kadi iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Severina akaandika namba mwenyewe. Isabela akamwonyesha sehemu ya mipangilio, akazima ombi la namba ya siri. Wakachomoa modemu, wakaichomeka kwenye ruta.

Taa ikabaki nyekundu. Severina alitamani kulia.

"Bado moja," Isabela alisema. Akafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. "Hapa panataka APN. Ni jina linaloielekeza modemu kwenye intaneti ya kampuni yenu ya simu. Kwenye programu ya modemu limeandikwa. Tunalinakili vilevile, herufi kwa herufi."

Akahifadhi. Ruta ikajizima, ikajiwasha. Baada ya dakika mbili taa zote nne zilikuwa kijani.

Jumamosi Anselmo alihamishia simu zake na wakulima wake ofisini kwa chama. Saa nane kamili swali la kwanza lilifunguka kwenye kompyuta zote mbili. Severina akajikuta anatazama taa badala ya swali. Wiki nzima alikuwa na vya kulaumu: ruta, mume, mnara, muuzaji. Sasa vyote vilikuwa sawa. Amebaki yeye na mtihani, na hofu ikamshika kweli.

Akalisoma swali tena. Lilihusu mama aliyejifungua na damu haikatiki. Severina amewahi kuwashika mikono akina mama kama huyo, zamu baada ya zamu. Akaanza kuandika.

Saa kumi walituma majibu. Ujumbe ukaja kwa wote wawili: mtihani umepokelewa. Anifa aliinamia meza, akalia. Severina akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili hakuwa na hasira na mtu.